Posa Iliyochekwa

Kando ya soko la Sandaga, hapa Dakar, vitabu vikuukuu hutandazwa kwenye maturubai hadi mpita njia akose pa kukanyaga. Hapo ndipo msichana mmoja, amevaa bubu, lile vazi pana la Kisenegali, la samawati, kilemba kimesimama kama jogoo aliyeshinda vita, alipojikwaa kwenye rundo la falsafa. Muuza vitabu akamdaka mkono.

"Pole, dada. Hao wanafalsafa wameangusha wengi."

"Asante. Sasa niachie mkono." Alinukia uvumba hadi kijana akasahau kuuachia. "Natafuta kile kitabu cha mwanasayansi wa zamani aliyesema binadamu na nyani ni ndugu wa mbali."

"Ukoo wako ni upi?"

"Diop. Ngone Diop."

Kijana akapiga makofi. "Basi kwenu nyani ni ndugu wa karibu! Mimi Birane Ndiaye."

"Ala! Mtumwa wetu! Nani kakufundisha kusoma?"

Usishtuke, msomaji. Ndiaye na Diop ni watani tangu enzi za mababu. Watatukanana ulafi na utumwa mchana kutwa, na kununa ni mwiko. Anayenuna kashindwa.

Ngone alikuwa chuo kikuu, akiandika tasnifu juu ya vitabu vilivyoitikisa dunia. Akarudi wiki iliyofuata, akarudi tena. Birane akamtafutia kile cha soko na utajiri, kile cha wafanyakazi na mabepari, kile cha mwanamke aliyedai kwamba wanawake nao wana akili. Kila kimoja alikisoma kwanza yeye, apate la kubishana kwenye simu.

"Haloo, mla wali," Birane akaanza. "Umefika wapi?"

"Anaposema tajiri na mfanyakazi hawawezi kuivana."

"Na Diop na Ndiaye je?"

"Wanaivana sana. Nyinyi mnapika, sisi tunakula."

"Laazizi, siku nikikupikia utasahau hata kutafuna."

"Umesema laazizi?"

"Nimesema. Nakupenda, Ngone."

"Mwongo! Ndiaye akisema kweli, mvua itanyesha Dakar Januari!" Akakata simu, kisha akaikumbatia kifuani kama kitoto.

Ubaya wa utani ndio huo: hata ukiapa, unachekwa. Birane akaona afanye mambo kwa adabu. Akamtuma baba yake mdogo, Mzee Medoune, apeleke kola za posa, zile kokwa chungu za kutafuna, kwa akina Ngone.

Maskini Mzee Medoune! Alinyoa ndevu, akavaa kanzu iliyopigwa pasi ikang'aa, na njia nzima alikariri hotuba. Lakini Ndiaye gani ataingia nyumba ya Diop bila kutupa neno? Mlangoni tu likamponyoka: "Enyi walafi, wali umebaki?"

"Mtumwa karudi kazini!" akajibu baba yake Ngone, na moto ukawaka. Mzee Medoune alipoziweka kola chini na kusema amekuja kuposa, nyumba nzima ikaangua kicheko. Baba mtu akazigawa kola, wakazitafuna zote. "Mwambie bwana harusi aje atupikie mwaka mzima kwanza!" Mzee Medoune alicheka mpaka barabarani, ndipo akakumbuka alichotumwa.

"Wamecheka, mwanangu," akamwambia Birane.

Birane akaelewa kwamba amekataliwa. Akazima simu.

Kwa akina Diop, dada mtu alimweleza Ngone aliporudi kutoka chuoni, huku akijifuta machozi ya kicheko: "Mtani wako kamtuma mzee aje kutuchekesha!" Ngone likamchoma. Hata posa anaifanyia mzaha? Angelalamika, lakini kununa ni mwiko. Akacheka na wenzake, akaenda kulia bafuni.

Siku zikapita. Tasnifu ikahitaji kitabu kimoja zaidi, au ndivyo Ngone alivyojidanganya, akarudi Sandaga.

"Asalaam aleikum."

"Wa aleikum salaam," akajibu Birane. Basi. Hakuna mla wali, hakuna nyani.

Ngone akaingiwa na hofu. "Kuna msiba kwenu?"

"Mmeicheka posa yangu."

"Si ulikuwa unatania?"

"Kola zinataniwa, Ngone?"

Msichana akakaa chini palepale, bubu lake vumbini. "Yaani ilikuwa kweli?"

"Ilikuwa. Mkacheka. Yameisha."

"Yameisha nini? Hivi vitabu unavisoma au unaviangalia majalada? Aliyesema nyani ni ndugu zetu, walimchora ana mkia. Wanawake waliodai kura waliambiwa warudi jikoni. Wote walichekwa kwanza, Birane! Watu wakacheka, wakaenda kwao, wakafikiri."

"Na wewe umefikiri?"

"Nilishamaliza zamani. Nilikuwa nakungoja, wewe ukanizimia simu!"

Akatoa simu yake, akampigia baba yake, akaiweka kwenye spika.

"Baba, yule Ndiaye aliyeleta kola hakuwa anatania."

Redio ya mzee ikasikika ikizimwa. "Hakuwa?"

"Hapana, baba. Na mimi sitanii."

Birane aliufinya mkono wa Ngone hadi bangili zikalia.

"Ya Allah," mzee akasema taratibu. "Na kwetu, kola ya posa ikishatafunwa, binti ameozwa. Mimi mwenyewe nilizigawa, nikatafuna mbili." Akakohoa, na alipozungumza tena sauti ilikuwa imelainika. "Mwanangu, mwambie mume wako aje leo tule naye. Ila aje ameshiba. Wali wenyewe hautoshi."