Mikono Bila Uso

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, Joséline, msaidizi wa mchoraji, alipita katikati ya vitambaa vya mchoro vilivyoanikwa kwenye karakana ya Newtown akivigusa kwa mgongo wa vidole, kujua kama rangi imekauka. Jumanne ile alianza kwenye anga, akashuka kwenye moshi na mabati ya mtaa wa Diepsloot. Alipofika penye uso wa mwanamke, vidole vyake vilishika hewa.

Kitambaa cha uso hakikuwapo. Vibanio vyake viwili vilikuwa vimerudishwa kwenye kamba, vimekaa sawasawa.

Ilikuwa saa mbili na nusu. Kesho yake vitambaa vyote vilikuwa viunganishwe na kubandikwa kwenye ukuta mmoja mrefu wa Jules Street, kule Malvern.

"Usiguse kitu," alisema Lalo Quintanar kwa Kiingereza, akiwa mlangoni.

Lalo alikuwa Mchikano, Mmarekani wa ukoo wa Kimeksiko, mwenye mvi na sauti ya chini. Kwao Los Angeles alichora kuta za wafagiaji na wachuma zabibu. Mama yake alichuma zabibu tangu utotoni, na kwenye kila kasha palibandikwa picha ya msichana mrembo anayetabasamu, ambaye hakuwahi kukanyaga shamba lile. Lalo alisema hasira ya kasha hilo ndiyo iliyomfanya mchoraji. Hapa Johannesburg alikuwa akichora siku duka la mgeni lilipochomwa Diepsloot: mwanamke ameshika mlango wa bati wenye moto ili wateja watoke.

"Jana jioni kilikuwapo, nimekiona mwenyewe," alisema. "Nani alikuwa getini asubuhi?"

"Kaka yangu."

"Yule aliyesema uso wa mkewe hautabandikwa barabarani akiwa hai?"

Uso uliopotea ulikuwa wa wifi yake, Olive, na maneno hayo Fiacre aliyasema Ijumaa mbele ya watu.

"Saa nane naita polisi," alisema Lalo. "Samahani, Joséline."

Mlinzi anayeshtakiwa kuiba kwenye geti lake hapati geti jingine. Joséline alishuka ngazi mbio.

"Kaka, umechukua wewe?"

"Na wewe pia?" Fiacre alisimama ndani ya kibanda chake, kidogo hata viwiko viligusa kuta. "Ningetaka kukiondoa, ningekichana mbele yake! Wiki nzima anamtazama mke wangu. Anatazama tu! Mimi mwenyewe sijamtazama hivyo tangu harusi."

"Hilo ni kosa lako."

"Eish, Joséline."

"Nani aliingia asubuhi?"

"Hakuna. Wewe na Lalo. Na wale wa kila siku."

"Wa kila siku ni nani?"

"Jacques, alifuata brashi zake. Mama Célestine, na maandazi ya chai. Hao si wa kuhesabu, ni watu wa nyumbani."

Jacques, Mkongomani mchora mabango ya saluni, alikuwa barabara ya pili akimalizia msuko kwenye ubao. Hakugeuka.

"Nina wivu, ndiyo, sikufichi," alisema. "Ukuta ule niliuomba mpaka nikachoka. Amekuja Mmarekani, salamu moja, kapewa. Lakini, dada, mimi ningemwaga ndoo ya rangi juu ya vyote, sharp, nimemaliza. Kipande kimoja cha nini?"

"Ulitoka na nini pale?"

Alipiga mfuko wa nyuma wa suruali. Brashi zilichomoza. "Na kitambaa chenye rangi mbichi hivyo hakikunjwi, kinapasuka. Ningekitia wapi, chini ya kofia?"

Joséline alirudi karakana. Kitambaa kile kilikuwa na upana wa meza ndogo. Kaka yake hakuwa na pa kukilaza, wala Jacques hakuwa na cha kukibebea. Alisimama mbele ya pengo na kwa mara ya kwanza akatazama kilichoachwa chini yake: mikono miwili imeshika bati. Mkono wa kushoto ulikuwa na kovu kutoka kidole kidogo mpaka kifundo. Olive hana kovu. Olive ana kucha za kubandika.

"Lalo, mikono hii ya nani?"

"Ya Célestine. Duka lilikuwa lake, na kisa ni chake. Niliichora akikanda unga."

"Na uso?"

"Nilimwomba. Akacheka, akasema hapana, tafuta mrembo. Nikamtafuta Olive."

"Ulimwomba mara ngapi?"

"Mara moja. Mtu akisema hapana, ninaheshimu. Watu wetu wamelazimishwa vya kutosha."

Joséline alifumba macho.

"Lalo, mama wa kwetu ukimkaribisha chakula, mara ya kwanza husema ameshiba. Unamsihi. Ukiondoa sahani hapo hapo, umemfukuza mezani. Chukua funguo za gari."

Saa sita walimkuta Célestine Jules Street, nyuma ya karai la mafuta. Sinia pana la maandazi lilikuwa kando yake, limefunikwa kitambaa cheupe kilicholala bapa.

"Mmekuja kununua au kunishangaa?"

"Shikamoo, mama. Fiacre anaitiwa polisi. Wanasema ameiba uso."

Kijiko cha matundu kilibaki juu ya mafuta.

"Fiacre? Fiacre kaingia vipi humo?"

"Aliyekitoa kile kitambaa alikilaza bapa, mama. Akaichukua sura ya Olive, mikono akaiacha. Mwenye ugomvi na Olive angekichana pale pale, na mwenye ugomvi na Lalo asingeacha kitu. Nani angeionea huruma mikono ile, ila mwenyewe?"

Célestine alizima jiko, akafunua sinia. Olive alikuwa pale, mzima, akitabasamu.

"Siku ya moto huyu alikuwa wapi? Pretoria, harusini! Jana amekuja hapa, ananionyesha picha kwenye simu: 'Mama, nimetokaje?' Nikasema umetoka vizuri. Neno hilo limenikaa kooni kama mwiba. Nilitaka kukitia jikoni. Nikashindwa. Mtoto wa watu hana kosa."

Joséline alimtafsiria Lalo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaketi kwenye kreti ya soda.

"Nimemtengenezea kasha la zabibu," alisema. "Mikono ya huyu, sura ya yule."

Alitoa simu, akampigia Fiacre, akaomba radhi mara tatu. Alipomaliza akamgeukia Joséline. "Lakini alisema hapana. Mwulize."

"Nilisema hapana, eeh!" Célestine alijibu alipoulizwa. "Alitaka niruke? Mjane mzima, nikimbilie kuchorwa, watu waseme nini?"

"Anauliza kama sasa..." alianza Joséline.

"Ngoja. Usimtafsirie." Célestine alijifuta mikono kwenye kitenge, akazunguka meza, akasimama mbele ya Lalo. Wateja wawili walikuwa wakisubiri, na safari hii hakuwajali.

"Nataka uso wangu," alisema kwa Kiingereza kidogo alichokijua. "Nichore mimi."