Chakula Kilichobaki Nyumbani

Kila asubuhi, kabla ya kahawa, Tudor alijidunga kidole kwa sindano ndogo, akapima sukari yake, kisha akajichoma dawa tumboni. Binti yake, Ilinca, alikuwa ameizoea kazi hiyo kama alivyozoea kupiga mswaki. Waliishi Italia, katika kijiji kimoja kando ya mto Po, tangu baba alipopata kazi ya kuendesha lori la matunda. Kwao kulikuwa Romania, na nyumbani bado waliongea lugha ya kwao.

Jumapili hiyo msimu wa mapeasi ulikuwa umekwisha, na Tudor alipata mapumziko yake ya kwanza tangu kiangazi kianze. Alikuwa amemwahidi Ilinca kwamba wangepanda baiskeli kutwa nzima juu ya tuta la mto, bila haraka, wakisimama popote wapendapo.

Mama yake Ilinca, Lidia, aliwafungia mkate, jibini ya chumvi, mayai ya kuchemsha na vitunguu saumu. Kando akatia kichupa cha maji ya zabibu.

"Beba wewe, mwanangu," alisema. "Baba yako akishika kitu hukisahau."

Ilinca aliupokea mfuko, akaunusa. Mwezi uliopita, katika safari ya shule, mwanafunzi mwenzake Ginevra alikuwa ameziba pua na kusema, "Jamani, fungueni dirisha, Mromania anakula." Darasa zima lilicheka. Na juu ya tuta lile, siku za Jumapili, nusu ya darasa lao hupita.

Mama alipoingia jikoni, Ilinca aliuficha mfuko nyuma ya mlango. Akatia sweta lake katika kikapu cha baiskeli, akakifunika vizuri. Alijiambia kwamba baba angenunua andazi njiani, mambo yangeishia hapo.

"Chakula kipo?" Tudor aliuliza akipanda baiskeli.

"Kipo, Baba."

Asubuhi ilikuwa nzuri. Walipita mashamba yaliyovunwa, wakawatazama korongo wakitembea matopeni, wakashindana hadi kwenye daraja, na Tudor akashindwa makusudi. Alimsimulia alivyojifunza baiskeli kwa kuiba ya padri, akaanguka nayo kwenye lundo la samadi. Ilinca alicheka hadi akayumba. Ginevra hakuonekana hata mara moja.

Jua lilipofika utosini Tudor alisema, "Tule sasa."

Hapakuwa na duka wala mkahawa karibu. Ilinca alinyoosha kidole. "Mbele kuna kivuli kizuri, Baba."

Walikipita kivuli cha kwanza. "Hapa pana sisimizi," alisema Ilinca. Walikipita na cha pili. Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku ile Ilinca aliiona ndefu kuliko tuta lenyewe. Kila alipotaka kusema, aliuona uso wa baba yake wenye furaha, akaahirisha.

Kisha uso huo ukabadilika. Tudor alitokwa na jasho shingoni ingawa upepo ulikuwa baridi.

"Mbele, mbele, wapi huko?" alifoka. Akaanza kumwita Ilinca kwa jina la shangazi yake, Viorica. Baiskeli ikapepesuka, ikateremka tuta pamoja naye, ikamtupa majanini.

"Nipe kile kichupa," alinong'ona. Ulimi ulikuwa mzito. "Cha zabibu."

Ilinca aliinua sweta, kana kwamba kichupa kingejitokeza chenyewe. "Hakipo, Baba." Akaangusha baiskeli yake, akakimbia kuelekea nyumba iliyokuwa ng'ambo ya shamba.

Mwanamke aitwaye Ornella alitoka akijifuta mikono. Mumewe alitazama kule alikoonyeshwa, akasema, "Amelewa huyo. Hawa watu, hata Jumapili hawaachi."

"Hajalewa," Ilinca alisema, machozi yakimtiririka. "Ana kisukari. Alijichoma dawa asubuhi na hajala mchana wote. Chakula nilikiacha nyumbani makusudi, nikamdanganya."

Ornella hakungoja zaidi. Alikoroga sukari nyingi katika kikombe cha maji, akakimbia. Alimwinua Tudor kichwa, akamnywesha kidogo kidogo huku mumewe akiita gari la wagonjwa.

Hospitalini daktari alisema sukari ilikuwa imeshuka mno. "Mtoto alisema ukweli dakika za mwisho," alimwambia Lidia. "Angechelewa zaidi, tungekuwa tunazungumza mengine." Lidia alimshika Ilinca mkono njia nzima ya kurudi.

Tudor alipona. Hata hivyo, kwa kuwa sukari ilikuwa imemwangusha akiwa anaendesha baiskeli, alikatazwa kuendesha gari hadi madaktari waridhike. Tajiri wake hakungoja. Lori alipewa mtu mwingine, na Tudor akapelekwa nyuma ya ghala kuosha kreti, kwa mshahara mdogo.

Jioni moja Ilinca alimfuata baba yake jikoni, akamweleza yote: safari ya shule, Ginevra, mfuko.

Tudor alisikiliza hadi mwisho. "Walipokucheka, ungeniambia," alisema. "Ningeumia, lakini tungeumia wawili. Na mimi nina kosa langu. Mtu mwenye ugonjwa huu hutembea na sukari mfukoni mwake, hamtwiki mtoto."

"Yote ni kwa sababu niliacha chakula."

"La. Chakula mtu yeyote huacha. Ungeniambia pale darajani, tungegeuza baiskeli, tungekula nyumbani, tungecheka. Ulipata nafasi ya kusema ukweli penye kila kivuli, ukaipita. Kosa lilikuwa dogo, binti yangu. Ulilolifanya ili kulificha ndilo lililokuwa kubwa. Ukikosea, sema mapema, wakati mambo bado yanarekebishika."

"Utanisamehe, Baba?"

"Nilikusamehe siku ile ile. Lakini lori halirudi kwa msamaha."

Ilinca alitazama mikono ya baba yake iliyopasuka kwa maji baridi ya ghalani, akainuka kwenda kumletea mafuta ya kupaka.