Alinilisha Mpaka Eda Yangu Ikaisha

"Ushasali?"

Hashil aliniuliza hivyo huku ananitilia mchuzi wa papa juu ya wali wangu.

"Leo sisali," nikamjibu kwa sauti ya chini, maana meza ya pili walikaa watu na muhudumu alikuwa anapita na gilasi za juisi.

Akaweka kijiko chini.

Akafuta mikono kwa karatasi, taratibu, kidole kimoja kimoja… Akanitizama usoni, akasema kama mtu anayeagiza chai:

"Basi Thuwaiba, eda yako imekwisha. Kuanzia leo mimi na wewe si mke na mume. Mwenyezi Mungu akujaalie wa kheri."

Akainuka, akaondoka.

Mimi nimebaki pale na tonge mdomoni, jamani. Halimezeki, halitemeki.

Sasa ngojeni kwanza, msikimbilie kwenye komenti kuniandikia "pole dada, wanaume ndio walivyo". Hilo la mkahawani nililia nikanyamaza. Lililonivunja mgongo lilikuja baadae, kwenye sebule ya mama yangu mwenyewe. Someni mpaka chini.

Mimi ni mtoto wa Kikwajuni. Nnafanya kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja huko Shangani, na Hashil ana duka la simu Darajani. Tulipooana tukapanga Michenzani, ghorofa ya juu kabisa, maji ya kupandisha kwa ndoo. Na wallahi nilikuwa nampenda mtu yule mpaka zile ngazi sizioni.

Siku moja nimechelewa kutoka kazini, wageni wa hoteli wamekuja kundi zima. Narudi nyumbani namkuta Hashil kakaa na ami yake, Mzee Kheir, jiko baridi, hata chai hapana.

Nikaomba radhi. Nikaingia jikoni mbio na buibui langu mwilini.

Nasikia nyuma yangu:

"Thuwaiba, nimekuacha talaka moja."

Moja. Mbele ya ami yake.

Kwa wasiojua mambo yetu, talaka moja si mwisho wa ndoa. Mwanamke unakaa eda, tohara tatu, yaani usafi mara tatu baina ya damu za mwezi. Ndani ya muda huo mume akitamka tu, "nimekurejea", yamekwisha, wewe ni mke wake vile vile, hapana harusi wala mahari mapya. Asipotamka mpaka eda ikamalizika, basi kila mtu na lake.

Kwa hiyo nilifunga nguo zangu nikarudi kwetu nikiwa na matumaini. Nikasema hasira hizi, zitapoa.

Kwetu yupo mama, Bi Tahiya. Yupo kaka yangu Azzan, ambaye tangu baba afariki ndiye walii wetu, yeye ndiye anayeoza. Na yupo mdogo wangu Rasha.

Huyu Rasha niacheni nimseme kidogo. Nimempita miaka tisa. Mama alikuwa mgonjwa alipomzaa, nikambeba mimi mgongoni. Nikamsuka, nikampeleka chuoni kusoma Kurani, nikamfundisha kufunga Ramadhani kwa kumficha maembe. Siku alipovunja ungo alinambia mimi kabla hajamwambia mama. Nilipoachwa nikarudi chumbani kwake, tukalala kitanda kimoja kama zamani.

Nilikuwa sijamaliza hata kupanga nguo zangu kabatini, Hashil akanipigia simu.

"Toka saa ya chakula. Njoo Mkunazini tule."

Moyo wangu ulipaa.

Nikamkuta kwenye kile kimkahawa kidogo cha uchochoroni, keshaniagizia changu wa kupaka. Kanivutia kiti. Kanimenyea samaki, mwiba mmoja mmoja anauweka pembeni. Akanambia nyumba imepoa, hailaliki.

Kisha adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa.

"Ushasali?"

"Nitasali kazini," nikamwambia.

Akatikisa kichwa, akaenda msikitini, akarudi tukamalizia kula. Nikajisemea moyoni, kumbe talaka imemtia adabu mume wangu, kawa mtu wa ibada.

Ikawa ndio mtindo wetu. Leo biriani Malindi, siku nyengine pilau Vuga, mara tumekaa barazani tunakunywa urojo tunatokwa na jasho la pilipili tunachekana. Kila tukikutana ni yeye anaanza: "Ushasali?" Siku ninayosali nasema nasali. Siku za mwezi wangu nasema leo sisali. Mwanamme niliyelala naye kitanda kimoja, nimuonee haya gani?

Mama hakupenda hata kidogo.

"Kakurejea?" aliniuliza siku moja, anachagua mchele.

"Bado, mama."

"Kasema neno gani basi?"

"Kasema nyumba imepoa bila ya mimi."

"Hiyo ndiyo rejea?"

"Mama nawe… mtu anakutoa chakula kila mara, utakuwa humuelewi tu?"

Mama akaacha mchele.

"Mwanangu, mwanamme akikutaka anakuja hapa, anakaa pale, anamwambia kaka yako nimemrejea mke wangu. Huyu wako anakulisha mikahawani kama paka wa sokoni. Mimi sielewi."

Niliudhika. Nikaingia chumbani nimenuna. Rasha akanifuata, akakaa ubavuni kwangu.

"Mama mtu wa zamani, dada. Usimsikilize. Wewe nenda tu."

"Unaona eh?"

"Anakujali huyo. Leo kakuuliza nini?"

"Kaniuliza kama nshasali."

"Na wewe ukamjibuje?"

"Nikamwambia kweli. Sisali."

Akainuka. Kisha akanambia nimletee buibui langu anipigie pasi, nipendeze siku ya pili.

Mimi nikaona, huyu ndiye mdogo wangu. Huyu ndiye anayenielewa.

Na msidhani sikumuuliza Hashil. Nilimuuliza. Tumekaa Malindi, sahani moja, vijiko viwili, nikakusanya nguvu zangu zote.

"Hashil, utanirejea lini?"

Akanisogezea nofu la kuku.

"Kula kwanza. Chakula kinapoa."

Nikala. Mjinga mimi, nikala na nikafurahi.

Basi ndio ikafika ile siku ya wali na papa niliyoanza nayo. Alipoondoka nilikaa pale mpaka muhudumu akaja kuniuliza kama nataka kufungiwa kile chakula. Nikamwambia namtaka mume wangu. Masikini yule mtu, akaondoa sahani polepole akaenda zake.

Nilifika nyumbani macho mekundu. Mama hakunambia "nilikwambia". Alinilaza mapajani tu akawa ananipapasa kichwa. Rasha naye alilia. Nakuapieni, alilia kwa kwikwi, akanipikia uji wa mtama, akanilisha kwa kijiko. Usiku alinishika mkono mpaka nikalala.

Siku mbili baadae Azzan akapokea simu ya Mzee Kheir, yule ami yake Hashil.

"Ijumaa baada ya laasiri tunakuja. Tuna maneno ya kheri."

Nyumba ikageuka.

Mama akafuta machozi ya siku mbili zile. "Kajuta," akasema. "Eda imempita, hawezi tena kurejea kwa maneno, ndio anakuja kwa ndoa mpya. Wanaume wengi hufanya hivyo, wanashtuka mtu keshatoka mkononi."

Na mimi? Niliapa simtaki. Niliapa mbele ya kioo. Kisha nikafungua kabati nikatafuta nguo.

Ndivyo mapenzi yalivyo, msinicheke. Ijumaa ile nilikoga maji ya asumini, nikajifukiza udi, nikajipaka wanja. Nikaoka visheti kwa mkono wangu, nikachemsha kahawa. Kila nikikumbuka vile alivyoniacha pale mezani naingia hasira, na kila nikikumbuka atakuja kuniomba natabasamu peke yangu.

Rasha alikuwa chumbani, kakaa kitandani, kimya.

"Mbona hivyo? Unaumwa?"

"Kichwa tu, dada."

"Vaa basi. Wageni wa kheri wanakuja."

"Nshavaa," akasema.

Kweli alikuwa keshavaa. Gauni la kijani jipya, sijawahi kuliona. Nikamwambia limempendeza.

Wageni wakaingia. Wanaume sebuleni na Azzan, sisi wanawake nyuma ya pazia. Nimekaa baina ya mama na Rasha, mkono wa mama nimeushika huku, wa Rasha huku. Hashil mwenyewe hakuja, kama desturi.

Mzee Kheir akasoma dua. Akakohoa.

"Azzan mwanangu, sisi nyumba hii tulishaingia mara moja, na hatukuona baya kwenu. Yaliyotokea yametokea, ni kudra. Leo tumerudi tena."

Mama akanibana mkono.

"Kijana wetu Hashil anataka kuoa hapa. Anamtaka mtoto wenu Rasha."



Nikasikia Azzan anasema, "Mzee Kheir, umekosea jina."

"Sikukosea."

"Rasha ni mdogo wake Thuwaiba. Tumbo moja."

"Tunajua. Ndio maana tukangoja. Mtu hawezi kuweka ndugu wawili pamoja, na aliyemo edani huhesabiwa mke bado. Kijana wetu ni mtu wa dini, hakutaka kuingia haramuni. Na kwa jambo la eda anayesadikiwa ni mwanamke mwenyewe, si jirani wala mdogo wake. Basi Hashil kamuuliza mwenyewe, kwa mdomo wake, mpaka mara ya mwisho. Hapana kosa hapa."

Jamani.

Changu wa kupaka. Biriani. Urojo. Vile anavyonimenyea miba… Mtu hakuwa ananibembeleza. Hakuwa na ibada wala nini. Alikuwa anangoja damu yangu ishuke mara ya tatu, na mimi namjibu huku nacheka, mdomo umejaa wali.

Na talaka ile sasa nikaiona ilivyo. Jiko baridi lilikuwa sababu tu. Shahidi keshamleta mwenyewe na kamkalisha tayari.

Niligeuka kumtizama Rasha. Nilitaka nione kashtuka. Nilitaka nione anashangaa kama mimi, tushikane, tulie pamoja, tuwatukane wote.

Hakushtuka. Alikuwa anatizama chini, anakunja ncha ya gauni.

"Rasha, ulikuwa unajua?"

Akazidi kukunja ile ncha.

"Rasha. Ulikuwa unajua?"

"Naam, dada."

"Tangu lini?"

Alijibu kwa sauti ile ile aliyokuwa akinisomea Kurani utotoni.

"Tangu hujatoka Michenzani."

Mkono wake bado ulikuwa ndani ya mkono wangu. Ni mimi niliyeuachia.

"Lakini haramu hatukufanya, dada," akasema haraka haraka. "Wallahi hakunigusa. Tulisema tungoje mpaka umalize."

Mpaka nimalize. Kama mtu anayengoja mwenziwe atoke chooni.

Mama akatambaa mpaka mbele yake, akamshika kidevu, akamwinua uso. Sijawahi kumuona mama mzee vile.

"Rasha, mwanangu. Posa yako umeisikia. Dada yako huyu hapa. Sasa nnakuuliza mbele yake. Huyu mwanamme unamtaka?"

Nilimuomba Mungu mtoto aseme neno lolote. Aseme simtaki. Aseme hata namtaka, anitukane, nijue napigana na nani.

Rasha akainamisha kichwa, akanyamaza.

Na nyinyi wa kwetu mnajua. Mwari akiulizwa posa akanyamaza, keshakubali.

Azzan hakuhitaji kuja nyuma ya pazia, alisikia kila kitu. Aliwaambia wageni, "Mtusamehe wazee wangu, hapa hamna mke." Wakaondoka. Kahawa yangu hawakuionja, na visheti mama aliwapa watoto wa nje.

Ndio hivyo. Azzan kakataa, na kasema akiwa yeye ndiye walii basi Hashil haozwi mtoto wa nyumba hii. Watu wananambia nimeshinda.

Nimeshinda nini?

Rasha bado yupo chumba kile kile. Mimi nimehamia kwa mama. Mchana tunakula sinia moja, watatu. Juzi alinisogezea kipande kizuri cha samaki, bila ya kuniangalia. Nikakirudisha upande wake. Kikabaki katikati mpaka sinia likaondolewa.

Dada zangu mliomo edani, nisikilizeni. Mwanamme akikwita chakula cha mchana, hata akuagizie meza nzima, mwambie aseme kwanza. Umenirejea au hukunirejea? Na aseme kwenu, mbele ya walii wako, si mkahawani mbele ya wali. Mkono unaokumenyea miba usikutie usingizi. Mama yangu aliliona hilo, hata mlango hakutoka.

Hashil nitamsahau, Inshallah. Waume wapo, nikitaka nitaolewa na mwengine.

Mdogo wa kumbeba mgongoni nilikuwa naye huyo huyo mmoja.