Kamba Aliyezikwa na Erasmus

Rafiki yangu Erasmus hakwenda Bukundi kumzika mama yake, alisingizia kazi. Lakini kamba aliyemfuga kwenye tangi la kioo, sebuleni kwake Bariadi, alipomkuta hatikisiki, alimchimbia shimo uani.

"Mama yako hukumtupia hata udongo kaburini," mkewe Harieth alimwambia.

Alfajiri umeme ulikatika. Gizani kitu kikagonga kioo: ko, ko, ko. Erasmus akamulika kwa simu. Kamba yu hai. Kumbe alijificha chini ya jiwe, na kilichozikwa ni gamba alilojivua.

Hilo alilielewa. Asichokielewa mpaka leo ni kile alichokikalia kamba majini: bonge la udongo mweusi wa Bukundi, halijayeyuka, lina alama za vidole vitano.