Karatasi Aliyoikimbia Sidi

Ukitaka kujua nani kaoa, nani kaachwa na nani kauza mbuzi wa mwenziwe, nenda barazani kwa Sidi Thoya kabla ya saa mbili asubuhi.

Sidi huuza mbaazi za nazi na mahamri mtaani Kwa Lewa, mbele kidogo ya Kibarani. Nyumba yake haijui upweke. Baraza lake lina mabenchi mawili, na zamani mtu alikaa palipo na nafasi. Tangu uchaguzi, kila benchi lina wenyewe.

Benchi la mlangoni ni la wanaompenda kiongozi aliyeondoka. Humwita Mjengo, kwa sababu alijenga. Benchi la jikoni ni la wanaompenda aliyeingia. Huyo wamempa jina la Mkaja, maana kila akishika maikrofoni huwaambia watu wafunge mkaja, wapunguze matumizi, kaunti ina madeni.

Kambi, mume wa Sidi, hukaa benchi la mlangoni. Mramba, kaka yake Sidi, hukaa la jikoni. Wawili hao hupakuliwa kutoka sufuria moja, lakini hawapeani hata sukari.

Asubuhi hiyo ya mwezi wa nne walikuwa wameanza mapema. Kambi alisema Mjengo ameacha jina. Hata zahanati ya mtaa aliijengea chumba cha uzazi.

"Ameacha jina na deni, mlamu," Mramba akamjibu shemeji yake. "Hata rangi ya ukutani haijalipiwa."

"Na huyo wako amefanya nini, zaidi ya kutufunza kufunga tumbo?"

Benchi moja likacheka, jingine likanuna. Jambo moja tu halikubishaniwa. Chumba hicho kilijengwa, kikapakwa buluu, kikatiwa kufuli. Mwaka wa tatu huu. Popo wameingia, mama hajaingia.

Sidi aliwaacha wabishane, maana wabishi hula sana. Alikuwa akimtazama Linet, mke wa mwanawe. Linet alikuwa akichota mbaazi, mara akageuza uso kwa harufu ya nazi. Sidi hakuuliza. Alijua.

Mimba ya kwanza ya Linet aliiona kwa macho yake. Uchungu ulianza mchana. Muuguzi wa zahanati aliwaambia wakimbilie hospitali kubwa, yeye hana kitanda wala maji. Mtoto hakungoja. Alizaliwa kwenye tuktuk kando ya barabara, na Linet akavuja damu hadi midomo ikawa myeupe. Mtoto alipona, mama alipona, ila kwa kudra tu. Kwenye kadi ya mtoto, mahali pa kuzaliwa, paliandikwa "njiani". Watani wa mtaa humwita yule binti Tuktuk mpaka leo. Linet hacheki.

"Miezi mingapi?" Sidi alimnong'oneza.

"Miwili, mama."

Sidi akahesabu kwa vidole. Mwezi wa kumi na moja. Akatazama upande wa zahanati, lilipo lile kufuli.

* * *

Siku ya pili Mwalimu Lubna Abdulqadir alipita barazani na tangazo. Lubna hufundisha watu wazima kusoma katika ukumbi wa mtaa, na Sidi ni mwanafunzi wake wa mwaka wa pili. Tangazo lilisema kwamba Alhamisi kutakuwa na mkutano wa bajeti ya kaunti. Wananchi wote waje watoe maoni.

Kwa mara ya kwanza tangu uchaguzi, mabenchi yote mawili yalikubaliana. Huo ni mtego.

Na watu wa Kwa Lewa wana sababu ya kusema hivyo. Marehemu babake Kambi alikuwa na shamba la mikorosho. Siku moja waliitwa mkutanoni, wakaletewa karatasi, wakaambiwa ni ya mahudhurio tu. Mzee akatia kidole gumba. Mwaka haukuisha, karatasi ile ikatolewa kuonyesha kwamba ameuza. Tangu hapo ukoo mzima una sharti moja: karatasi ya serikali haitiwi mkono.

Sasa uvumi ulikuwa mpya. Ukitia sahihi Alhamisi, watu walisema, umekubali kulilipa deni. Mmoja alisikia huko Marafa kwamba majina yatapelekwa benki. Mwingine aliapa kwamba amemwona Mwalimu Lubna akishuka kwenye gari la kaunti, na bahasha ya kaki kwapani.

Sidi alijiuliza bahasha ile ilikuwa na nini. Kisha, kwa kuwa ni Sidi, akauliza mtaa mzima. Hadi adhuhuri, bahasha ilikuwa imeshajaa noti.

Alasiri alijitanda leso akaenda kwa Lubna mwenyewe.

"Shikamoo, mama. Karibu ndani," Lubna alimpokea.

"Marahaba. Sikuja kukaa, nimekuja na mdomo," Sidi alisema, akakaa. "Watu wasema umetumwa. Wasema umelipwa utukusanyie majina. Mimi sisemi, mimi naleta tu."

Lubna hakukasirika. Alicheka, akaleta bahasha ile, akaimwaga mkekani. Zilikuwa karatasi za maandishi tu. Akaeleza kwamba aliandika barua kuomba kumbukumbu za mkutano wa mwaka jana na rasimu ya bajeti. Sheria inampa kila mwananchi haki ya kuomba habari za serikali. Alingoja wiki tatu. Siku ya kuzichukua mvua ilimkuta ofisini, dereva wa kaunti akamsogeza hadi njia panda. Basi.

Sidi alizishika karatasi. Akazigeuza nyuma, akazitazama dhidi ya mwanga, kama mtu anayekagua noti ya elfu.

"Hii ni ripoti ya mkutano wa mwaka jana," Lubna alisema. "Nimeitafsiri kutoka Kiingereza kwa mkono wangu. Soma hapa."

Sidi akaweka kidole. Alisoma polepole, neno kwa neno. "Waliohudhuria, watu thelathini na mmoja. Maoni: wananchi walijadili uongozi uliopita na uongozi uliopo. Maoni kuhusu zahanati." Kidole kikasimama. "Hakuna."

Akasoma tena.

"Uongo," alisema. "Mimi nilikuwepo. Tulikuwa wanawake zaidi ya ishirini."

"Jina lako lipo wapi?"

Sidi alikumbuka vizuri. Karatasi ya mahudhurio ilipoanza kupita, wanawake walikonyezana. Wakachukua leso zao, wakatoka mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma. Yeye ndiye aliyetangulia. Ukumbini walibaki wanaume wa mabenchi, Kambi na wengine wakiipitisha karatasi bila kutia mkono, wakitukanana juu ya Mjengo na Mkaja mpaka soda zikaisha.

"Ofisi ilitakiwa ipunguze matumizi," Lubna alisema. "Ilitafuta jambo ambalo hakuna mtu atakayelilia. Ikaona chumba cha uzazi hakina wenyewe. Fedha za tangi la maji, kitanda na muuguzi wa pili zikaondolewa."

Sidi alihisi kama amepigwa kofi. Miaka yote alimshuku Mjengo, akamshuku Mkaja. Hakuwahi kushuku ule mlango wa nyuma.

"Na hilo deni?" aliuliza. "Ni la nani hasa?"

Lubna alimweleza kwa utaratibu. Deni la taifa ni la serikali kuu, na hulipwa kwa kodi ya kila mtu, hata ya mtu anayenunua sabuni. Madeni ya kaunti mengi ni bili. Mkandarasi alijenga, mwenye dawa alileta dawa, hawajalipwa. Aliyeondoka aliziacha bili. Huo ni ukweli. Aliyeingia lazima azilipe, kwa hivyo lazima apunguze. Huo nao ni ukweli.

"Basi Kambi na Mramba wote wasema kweli?"

"Nusu nusu. Na nusu iliyobaki hakuna anayeiuliza. Kupunguza ni lazima. Je, kipunguzwe kipi?" Akafungua ukurasa mwingine, wa rasimu ya bajeti. "Tazama. Safari za maofisa zimeongezwa. Chumba cha uzazi kimefutwa. Hapo hapahitaji Mjengo wala Mkaja. Hapo pahitaji mtu wa kuuliza."

Sidi akatikisa kichwa. Bado aliliona lile shamba la mikorosho. "Na karatasi ya mahudhurio, mwalimu? Babake Kambi aliambiwa maneno matamu kama haya."

"Usiache kushuku, mama. Shuku huku ukisoma. Soma kichwa cha karatasi kwanza. Kama hakina jina la mkutano na tarehe, usitie sahihi. Usitie sahihi penye karatasi tupu. Jina la mwisho likishaandikwa, pigeni mstari chini yake, pasiongezwe neno. Kisha ipigeni picha kwa simu. Na maoni yenu yaandikeni wenyewe, mbaki na nakala. Hapo kuna wa kuwaibia?"

Sidi alifikiri. "Wapo," alisema. "Lakini watapata taabu."

* * *

Habari haikawii kwa Sidi. Asubuhi iliyofuata, kila aliyenunua hamri alipewa na maneno. Wengine walimcheka, wakasema naye amepewa bahasha. Lakini wanawake walimsikiliza. Kila mmoja alikuwa na dada, binti au shoga aliyezaa njiani.

Alhamisi walifika wanawake ishirini na sita. Mwalimu Lubna aliwasaidia kuandika maoni yasiyozidi ukurasa mmoja. Linet alikaa mbele. Sidi alijiweka karibu na mlango wa nyuma, ili asipite mtu.

Ofisa wa kaunti alifungua mkutano, akasema kuna madeni na fedha ni chache. Hakumaliza. Kambi alisimama kumsifu Mjengo. Mramba akasimama kumjibu. Ukumbi ukapasuka pande mbili, kama kawaida. Ofisa akatazama saa yake. Sidi aliiona kalamu ya ofisa ikilala juu ya meza, na akaelewa jinsi neno "hakuna" linavyoandikwa.

Akatembea hadi mbele.

"Mume wangu, kaa. Mramba, nawe kaa," alisema. "Mjengo hatazaa. Mkaja hatazaa. Atakayezaa ni Linet, mwezi wa kumi na moja, na mlango umefungwa."

Kambi hakujua kama mkazamwana wake ana mimba. Aliketi.

Sidi akafunua karatasi. Kidole chake kilifuata mstari. Aliuliza maswali matatu. Kitanda, tangi na muuguzi vitagharimu kiasi gani? Kwa nini safari zimeongezwa katika mwaka wa kupunguza? Na jibu litakuja lini, kwa maandishi?

Ofisa alianza kusema kwamba mambo ya bajeti ni ya wataalamu. Mramba ndiye aliyesimama safari hii. Wote walidhani atamtetea Mkaja.

"Jibu la pili nalitaka mimi pia," alisema. "Kama ni kufunga mkaja, tufunge sote."

Kalamu ikainuka mezani.

Karatasi ya mahudhurio ilipoletwa, Sidi aliivuta. Akasoma kichwa chake kwa sauti. Jina la mkutano lilikuwapo, tarehe haikuwapo. Akairudisha. Ofisa akacheka kwa shingo upande, akaandika tarehe. Sidi akatia sahihi, herufi kubwa zilizolala upande. Kambi alimtazama mkewe, kisha akalitazama dari, labda akimwomba babake radhi. Akatia sahihi ya pili. Mwisho Linet akapiga mstari chini ya jina la mwisho, na simu saba zikapiga picha.

* * *

Jambo halikuisha siku hiyo. Sidi hakuamini mkutano, hakuamini ahadi, hakuamini hata picha ya simu yake, akampa Lubna nakala. Kila Jumatatu wanawake wawili walikwenda kumwona mwakilishi wao wa wadi, wakiwa na ile karatasi, wakiuliza jibu. Mheshimiwa alianza kuwakwepa. Wakajua anywapo chai, wakamfuata huko huko.

Bajeti ilipopitishwa mwezi wa sita, Lubna alileta ukurasa barazani. Sidi aliusoma mwenyewe. Safari zilikuwa zimepunguzwa. Kitanda kilikuwapo, tangi lilikuwapo. Muuguzi wa pili alikuwa wa miezi sita tu. Hawakupata yote. Kwa hilo la muuguzi waliandika barua nyingine siku hiyo hiyo, na majina sasa yalikuwa hamsini na manne.

Mwezi wa kumi kufuli lilikatwa. Popo walitoka, maji yakaingia.

Mabenchi hayakukosa la kubishania. La mlangoni lilisema sifa ni za Mjengo, maana kuta ni zake. La jikoni likasema ni za Mkaja, maana ndiye aliyefungua. Walitaka hata kujua jina la nani liandikwe juu ya mlango. Ila sasa Kambi na Mramba walikuwa wakipeana sukari, na kila tangazo la mkutano lilibandikwa ukutani juu ya mabenchi yote mawili.

Linet alijifungua Jumanne ya pili ya mwezi wa kumi na moja, asubuhi, wakati wa mbaazi. Mtoto wa kiume. Watu wa barazani walijipakulia wenyewe siku hiyo, na Sidi bado anawashuku.

Muuguzi alimaliza kuandika kadi ya mtoto, akamnyooshea Linet. Sidi akaidaka njiani. Akaisogeza dirishani, akaweka kidole juu kabisa, akaanza kushuka.

"Mama, wakagua nini?" muuguzi aliuliza. "Nimeandika kila kitu."

"Nasoma, mwanangu. Kwetu hatupokei tusichosoma."

Kidole kilishuka polepole. Jina la mama. Tarehe. Uzito. Kisha kikafika mahali pa kuzaliwa, kikasimama. Sidi alisoma mara moja. Akasoma mara ya pili, kwa sauti, ili Linet asikie:

"Zahanati ya Kwa Lewa."