Hakuna Foleni Sandton

Kila Jumapili baada ya ibada, Kathambi alimimina chai. Kanisa lao la Wakenya lilikodi ukumbi huko Randburg. Chai waliinywa nje, juani, maana Julai ya Johannesburg ina baridi ya kuuma masikio. Zamani kazi hiyo waliifanya wawili. Yeye alimimina, na mumewe Josiah akapitisha sahani ya mandazi pamoja na utani wake. Sasa sahani ilikaa mezani. Kila mtu alijichukulia.

Jumapili hiyo wanaume walikuwa wakibishana juu ya Marekani. Novemba kungekuwa na uchaguzi wa Kongresi, yaani bunge la huko.

"Nimesoma kura za maoni," alisema Mzee Otieno, mhasibu mwenye sauti kubwa. "Mambo yamekwisha kujulikana."

"Kura za maoni ni nini?" mwenzake alimchokoza. "Ni watu wachache waliopigiwa simu wakiwa jikoni. Wanajibu lolote ili ugali usiungue!"

Watu walicheka. Otieno alimgeukia Kathambi.

"Mama Jelimo, ninyi si raia wa kule? Tuambie, utapiga kura?"

"Tulitoka, Mzee," Kathambi alijibu. "Mtu akitoka, kura yake inabaki huko."

"Hasara gani? Hata si mwaka wa rais."

Kathambi aligeukia birika. Aliendelea kumimina mpaka chai ikafurika kwenye kisahani.

Yeye na Josiah waliishi miaka mingi Minnesota, jimbo la baridi kali kaskazini mwa Marekani. Huko walipata uraia. Huko alizaliwa binti yao, Jelimo. Siku ya uchaguzi Josiah alivaa koti lake zito la kijivu, hata kama hakukuwa na theluji. Walienda pamoja hadi ukumbi wa shule ya jirani. Wakitoka, kila mmoja alipewa kibandiko chekundu cha kuonyesha kwamba amepiga kura. Josiah alikibandika chake kwenye ukosi wa koti. Alitembea nacho siku nzima kama bwana harusi mwenye ua.

Kisha Kathambi akapata kazi ya benki Johannesburg, wakahama.

Uchaguzi wa rais wa Marekani ulipofika, Josiah alisema, "Tutaenda kwa ubalozi, kama Wakenya." Alikuwa ameona jinsi Wakenya wa hapa wanavyomchagua rais wao. Huenda Pretoria, kwenye ubalozi wao, wakapanga foleni na vitambulisho mkononi. Aliamini Wamarekani nao hufanya hivyo hivyo. Basi siku ile walichukua pasipoti. Josiah akavaa koti lake katika joto la Novemba. Wakaendesha gari hadi konseli ya Marekani, yaani ubalozi wao mdogo, kule Sandton.

Hakukuwa na foleni. Mlinzi aliwaambia kwa upole, "Hapa hapapigwi kura, baba. Leo wala siku nyingine."

Walipokuwa wakirudi, robot, yaani taa ya barabarani, iligeuka kijani na Josiah hakuondoa gari. Magari ya nyuma yalipiga honi. Kathambi alimgusa goti, ndipo akashtuka.

Mwaka uliofuata moyo wa Josiah ulianza kumsumbua. Hospitalini alimwambia mkewe, "Ule uchaguzi nilikosa. Nikipona, ujao sikosi." Hakupona. Kanisa lilichangia safari, wakamzika kwao Kapsabet, Kenya. Koti lilibaki kabatini, Randburg.

Baada ya chai Jumapili hiyo, Kathambi alikuwa akiosha vikombe, mwanamke mmoja akachukua kitambaa na kuanza kuvikausha. Aliitwa Carmel. Alikuwa Mkongomani, mzaliwa wa Bukavu. Alikulia Marekani baada ya familia yake kukimbilia huko, na sasa alifanya kazi ofisini hapo Randburg.

"Maman Jelimo," alisema Carmel, "nani alikuambia kura inabaki kule?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilijionea. Tulienda Sandton, hakuna kitu."

"Sandton? Siku yenyewe ya kura?"

"Ndiyo. Na pasipoti zetu."

Carmel alijitahidi kujizuia, akashindwa, akacheka. "Ninyi Wakenya! Munafikiri kila uchaguzi ni foleni ya Pretoria!" Kisha aliuona uso wa Kathambi, akaacha kucheka. "Unisamehe, maman. Kura ya Marekani haipigiwe kwa ubalozi. Inakuja kwako nyumbani, na unairudisha mwenyewe. Kuna kundi letu hapa la raia wa Marekani, tunasaidia watu bila malipo. Jumamosi nitakuja."

"Usijisumbue. Ni mimi peke yangu tu."

"Peke yako ni mtu mumoja," alisema Carmel. "Kura nayo ni ya mtu mumoja. Inatosha kabisa."

Jumamosi Carmel alifika na kompyuta yake. Jelimo, msichana wa miaka kumi na tisa, alikuwa amejilaza kochini na simu. Alielewa Kiswahili chote, lakini alijibu kwa Kiingereza, kama vijana wengi waliokulia mbali.

"Na weye, mutoto, utapiga?" Carmel alimuuliza.

"Eish, Aunty. Kule kuna mamilioni ya watu. Yangu itabadilisha nini? Na wanasiasa wote ni wale wale."

"Hayo ni maoni. Ni mazuri. Ila ukiyasema hapa kochini, anayesikia ni kochi."

Jelimo alitabasamu kidogo, akarudi kwenye simu.

Carmel alimwekea Kathambi fomu kwenye kioo cha kompyuta. "Sikiliza, maman. Raia anayeishi nje anaomba karatasi ya kura kwa fomu hii. Anaomba kila mwaka, tena mapema. Ya mwaka jana usiitegemee. Fomu inaenda kwa ofisi ya uchaguzi ya pale ulipoishi mwisho. Si ya Washington, si ya Sandton. Wanakutumia karatasi zaidi ya mwezi mumoja kabla ya siku ya kura."

"Na nikituma fomu, karatasi isifike?"

"Kuna karatasi ya dharura. Unaandika majina mwenyewe, unaituma. Lakini tusifike huko. Tuanze leo."

"Mzee Otieno anasema hata si mwaka wa rais."

"Ndiyo maana wengi wanakaa nyumbani mwaka kama huu! Lakini Kongresi ndiyo inatunga sheria. Wengi wakikaa, wachache wanaoenda wanachagua kwa ajili ya wote. Sasa yako ina uzito zaidi ama kidogo?"

Kathambi alianza kujaza. Jina. Tarehe ya kuzaliwa. Kisha alisimama mahali pamoja, kidole hewani.

Fomu iliuliza juu ya kurudi. Je, unakusudia kurudi kuishi Marekani? Au hujui kama utarudi?

Nje, mtu alikuwa akikata nyasi. Kathambi aliwaza kaburi la Kapsabet. Aliwaza theluji ya Minnesota, na hatua za Josiah mbele yake zikimchimbia njia. Aliwaza benki, na kodi, na jua hili. Kwake kulikuwa wapi? Josiah angekuwepo, angejibu kwa mzaha, naye angeandika.

"Nikisema sijui," aliuliza polepole, "wataninyima?"

"Apana. Unaweza kuona karatasi fupi, ya bunge la taifa tu, bila viongozi wa jimbo. Lakini kura unayo. Sema ukweli tu, maman."

Kathambi aliweka alama kwenye kutojua. Ndilo lilikuwa jibu la kweli kwa mambo mengi, tangu siku ile ya Mei Josiah alipofariki.

"Na yake?" aliuliza.

"Ya nani?"

"Ya Josiah. Alisema hatakosa. Siwezi kumpigia? Najua angemchagua nani."

Carmel aliweka mkono wake juu ya mkono wa Kathambi. "Apana, mama yangu. Kura hairithiwe. Hata mume kwa muke, hapana. Ukiandika kwa jina lake ni kosa kubwa. Tutawaandikia tuseme amefariki, waondoe jina lake taratibu."

Kathambi alitikisa kichwa kukubali. Machozi yalimdondoka, akayafuta kwa ncha ya leso.

"Tuendelee," alisema. "Nini kimebaki?"

"Anwani ya mwisho kule. Nyumba na barabara."

Kathambi alifungua mdomo, akaufunga. "Barabara ilikuwa... Ilikuwa na miti ya misonobari. Namba nimesahau. Mambo hayo aliyashika Josiah."

Ndipo sauti ikatoka kochini. Jelimo aliimba anwani yote, taratibu, kwa wimbo wa kitoto: namba, barabara, mji, mpaka namba ya posta. Hakukosea hata moja.

Kathambi aligeuka. "Umeyatoa wapi hayo?"

"Baba alinifundisha nikiwa mdogo." Safari hii Jelimo alijibu kwa Kiswahili, kwa kusitasita. "Alisema nikipotea, niimbe. Mtu atanileta nyumbani."

Carmel akaandika anwani. Alipomaliza, Jelimo alikuwa amesimama nyuma ya mama yake.

"Aunty," alisema, "yangu ni fomu hiyo hiyo?"

Karatasi za kura zilikuja kwa barua pepe mwishoni mwa Septemba. Walizichapisha. Carmel alikuja kuwaonyesha jinsi ya kukunja na kutia sahihi, kisha akaenda kusimama varandani.

"Huingii?" Kathambi aliita.

"Nisione! Hiyo ni siri yako. Hata mimi usiniambie. Hata huyo Otieno, akikubembeleza kwa nyama choma!"

Jelimo alijaza yake upande mmoja wa meza, Kathambi upande wa pili. Kiti cha Josiah, kichwani mwa meza, kilikuwa kitupu. Hawakuulizana chochote.

Minnesota haipokei kura kwa barua pepe. Karatasi yenyewe lazima ifike, tena isichelewe siku ya uchaguzi. Carmel alikuwa amewaeleza kwamba konseli ya Sandton hupokea bahasha za kura na kuzisafirisha pamoja na barua zake, mradi zipelekwe mapema. "Muone sasa," alisema, "Sandton munaenda hata hivyo. Ila si siku ya kura, na si kwa foleni."

Asubuhi ya safari Jelimo alitoka chumbani amevaa koti la kijivu. Mikono ilimpita vidole. Jua lilikuwa kali, na mijakaranda ya mtaani ilikuwa imeanza kuchanua.

"Mwanangu, utaiva humo ndani," alisema Kathambi.

"Baba hakupiga kura bila koti."

Kwenye ukosi, kibandiko cha mwisho kilikuwa kingali pale. Wekundu wake ulikuwa umefifia. Kathambi alikigusa kwa kidole, halafu akacheka, kicheko kilichomshangaza mwenyewe.

Langoni Sandton mlinzi alimtazama Jelimo kutoka juu hadi chini. "Sisi," alisema, akimwita dada kwa lugha ya huko, "unaumwa?"

"Hapana, bhuti, kaka yangu. Tunaleta kura."

Walikabidhi bahasha mbili. Hakukuwa na foleni. Wakati wa kurudi, robot ilipogeuka kijani, Kathambi aliondoa gari mara moja.

Wiki ya mwisho ya Oktoba, ujumbe uliingia Kathambi akiwa kazini. Ofisi ya uchaguzi ilikuwa imepokea kura yake na kuikubali. Dakika chache baadaye Jelimo alipiga simu kutoka chuoni, akipiga kelele: "Mama, na yangu! Sharp, safi kabisa!"

Jumapili iliyofuata, Mzee Otieno aliuliza tena mezani, "Mama Jelimo, mlimpigia nani?"

"Tulipiga, Mzee. Nani, hilo ni letu." Kisha akamwambia jambo jingine. "Shemeji yako yule wa hapa Randburg, si ni raia wa Marekani pia? Mwambie fomu ya mwaka ujao aijaze mapema. Nitamsaidia."

Jelimo alikuwa akipitisha sahani ya mandazi.

Kathambi alifika nyumbani, akavua viatu, akaenda moja kwa moja kabatini. Alifungua mlango. Alilifunga koti vifungo vyote, kimoja baada ya kingine, kama alivyozoea kufanya mlangoni miaka ile, theluji ikiwa nje.

"Kura imefika," alimwambia Josiah.