Kiti cha Nyuma cha Jeep ya Cirhuza

Maji yalipofika kwenye vitasa vya milango, jeep ilisema kitu kwa Kiarabu.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, tulivu, yenye adabu zake. Jeep ilitoka Dubai, na tangu ifike kwenye machimbo ya Salamabila hakupatikana mtu wa kuibadilisha lugha. Mwenyewe, Cirhuza, mnunuzi wa dhahabu, hakujali. Aliona hata fahari: ni tajiri gani mwingine wa pale ambaye gari lake linaongea? Lakini sasa alikuwa akiupiga usukani kwa kiganja na kumtukana yule mwanamke kwa Kishi, lugha ya mama yake. Injini ilikohoa mara mbili, ikazima. Mwanamke akaendelea kuongea.

Kwenye kiti cha nyuma alilala Aganze, mdogo wake Cirhuza, mguu wa kushoto umefungwa kati ya vipande viwili vya ubao. Jiwe la shimoni lilikuwa limeuponda jana yake mchana. Rosine, muuguzi aliyewasindikiza, alipiga magoti sakafuni akimshikilia mgonjwa, na maji mekundu yalikuwa yameshamfika mapajani.

"Papa Cirhuza, fungua kioo."

"Inakatala."

"Fungua mulango, basi."

"Mulango nayo inakatala! Kila kitu humu iko ya umeme!"

Mto wenyewe unaitwa Katembwe, na wakati wa kiangazi mbuzi huuvuka bila kulowa tumbo. Lakini huu ulikuwa mwezi wa Novemba. Mvua ilinyesha usiku kucha, daraja la magogo lilikwenda na maji, na mkondo ulikuwa ukiisukuma jeep ubavuni, polepole, kuelekea kwenye vilindi.

Ng'ambo ya pili alisimama Glody, mwendesha pikipiki wa miaka arobaini hivi, aliyekuwa akisubiri maji yapungue. Alikuwa akipunga mikono yote miwili tangu jeep ilipoonekana mlimani. Cirhuza alimwona vizuri sana. Akabonyeza kitufe kinachoinua gari juu, kama alivyoona kwenye video ya wauzaji, akaingia mtoni. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa asiyesikia alikuwa mmoja, na guu lililovunjika lilikuwa la mwingine.

Tena hilo halikuwa kosa la kwanza. Jana alasiri, wachimbaji wa Salamabila walikuwa tayari wamekata mianzi ya kumbeba Aganze. Kule mgonjwa hubebwa kwa kipoyi, kitanda cha mianzi kinachokaa mabegani mwa wanaume wanne, na kila kijiji humpeleka mpaka kijiji kinachofuata, mchana na usiku, bila kumlaza chini. Rosine alisema waondoke saa ile ile. Mguu ulikuwa bado na joto, na daktari mpasuaji alikuwa mjini Kasongo.

"Ndugu yangu hataenda juu ya mianzi kama muzigo wa mihogo," Cirhuza alisema. "Niko na jeep."

Ila jeep haikunywa petroli ya chupa inayouzwa barabarani. Ilitaka petroli safi, na petroli safi ililetwa alfajiri. Hivyo ndivyo usiku mzima ulivyopotea. Asubuhi walikwama kwenye matope mara tatu, na walipofika Katembwe jua lilikuwa limeshapinduka.

Glody alivua viatu, akajitosa na ufunguo mkubwa wa kufungulia bolti za pikipiki mkononi. Mkondo ulimtupa chini kidogo, akashika chuma cha juu ya paa, akapanda.

"Mulinde vichwa!"

Alipiga kioo cha nyuma. Ufunguo uliruka. Akapiga tena, na tena, na bado. Kioo kilikuwa kinene, kioo cha bei, kilichotengenezwa kisivunjwe na wezi. Pigo la sita kilipasuka. Cirhuza alikivuta kwa mikono mitupu mpaka viganja vikachanika, na wakamtoa Aganze kichwa kwanza, Rosine akiushikilia mguu juu ya maji kwa mikono miwili. Katikati ya mto Rosine aliteleza. Mguu ulizama ukagonga jiwe, na Aganze alitoa mlio ambao Cirhuza hakuwahi kuusikia kwa binadamu.

Walimlaza kwenye majani ng'ambo ya pili, upande wa kijiji cha Wamaza. Rosine alifungua vitambaa, akatazama, akafunga tena haraka. Akagusa vidole vya mguu.

"Iko namna gani?" Cirhuza aliuliza.

"Vimekuwa baridi."

"Ni maji ya muto."

"Hapana, papa. Haiko maji."

Aganze alitaka kunywa. Mto mzima ulikuwa mbele yake na Rosine akamkataza maji yale machafu. Alipinda jani la mgomba, akakinga mvua, akamdondoshea mdomoni matone matatu manne. Glody aliwasha pikipiki. Wamaza ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu, yeye angefika mapema kidogo kama utelezi ungemruhusu.

"Nitaita watu. Musimusogeze."

Wakabaki watatu kwenye mvua. Jeep ilikuwa imeegemea kisiki kule chini, nyeusi, maridadi, taa zake zote zinawaka mchana. Ilikuwa imekula zaidi ya kilo moja ya dhahabu. Kila gramu ilitoka kwenye shimo la Aganze.

"Yaya," Aganze alimwita kaka yake, macho yamefungwa. "Ile miti."

Cirhuza alijua ni miti gani. Miezi miwili nyuma mdogo wake alimwomba miti ya kushikilia kuta za shimo, kwa sababu udongo ulikuwa umeanza kudondoka. Cirhuza alimjibu: ngoja jeep ifike kwanza.

"Nilikuambia," alisema Aganze. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyomuuma kaka yake kuliko matusi.

Watu wa Wamaza walifika jua likiwa limekaribia miti. Wanaume kumi na wawili, na mwanamke mmoja mbele yao, mpana wa mabega, panga mkononi, Glody akiwa nyuma yao na pikipiki yake. Aliitwa Mathilde. Walikuja mbio, wakiitana, kama watu wanaokwenda kubeba mgonjwa wanavyokuja. Kisha wakaiona jeep.

Sauti zikakatika. Hakuna aliyemsalimu Cirhuza. Walisimama wakimtazama, na yeye akaanza kukumbuka.

Wiki mbili kabla, siku alipokuwa akiileta jeep nyumbani, alikuta kipoyi njiani. Desturi ya njia ile inajulikana na kila mtoto: ukikuta kipoyi, unashuka, unatoa bega lako angalau hatua mia. Cirhuza alipiga klaksoni. Wabebaji waliruka pembeni, matope yakawarukia, na katika kioo kidogo aliona mianzi inalala upande. Aliongeza muziki.

"Ni wewe," Mathilde alisema.

"Mama, nisamehe. Sikujua kama..."

"Ulijua. Nilisimama katikati ya njia. Nilikuonyesha mikono. Mulikuwa na nafasi tatu ndani ya gari yako." Hakupaza sauti. "Kipoyi yetu ilivunjikia pale. Binti yangu Laetitia, na uchungu yake ya kuzaa, tulimubeba kwa mugongo mpaka Kasongo. Yeye alipona. Mutoto wake alifia njiani."

Mvua ilinyesha. Cirhuza aliona haya, ile haya inayopanda mpaka masikioni. Alitaka kusema neno la fedha, maana ndilo aliloliweza siku zote. Badala yake akapiga magoti kwenye matope mbele ya mama yule, mtu mzima na tumbo lake.

"Nibebe mimi kosa yangu," alisema. "Huyu hakukuwa ndani ya gari siku ile."

Mathilde alimwendea Aganze. Akainama, akamgusa vidole vya mguu kama Rosine alivyofanya.

"Kipoyi haiulizaki mugonjwa ni wa nani," alisema. "Lakini sasa hatuna kipoyi. Tumekuja na miti miwili tu na blanketi, na hii blanketi haitafika mbali na mutu muzito."

Wote waligeuka kumtazama Cirhuza. Yeye alikuwa akitazama mtoni.

"Glody," alisema. "Zile funguo zako zinafungua kiti?"

Waliingia majini watano, wamefungana kamba kiunoni. Kiti cha nyuma kilikuwa kirefu, cha ngozi nyeupe, Cirhuza hakuruhusu mtu akikalie bila kutandika kitambaa. Kilishikwa na bolti nne. Glody alizifungua tatu kwa kupapasa chini ya maji. Ya nne iligoma.

"Ivunje," Cirhuza alisema.

"Itapasuka ngozi, papa."

"Ivunje!"

Walikipasua. Mikanda ya usalama Mathilde aliikata yote kwa panga, na ndiyo iliyokifunga kiti kwenye miti miwili. Wanaume waliivuta kwa nguvu zao zote na haikulegea. Mzee mmoja alisema kweli hii gari iko na kamba nzuri. Hakuna aliyecheka, lakini hewa ilipungua uzito.

Walipomlaza Aganze, wanaume wanne walisogea. Mathilde alimzuia mmoja.

"Hapa iko nafasi ya mwenye jeep."

Cirhuza alitia bega chini ya mti.

Njia ile ambayo jeep ingeipita kwa saa chache, sasa aliijua kwa nyayo. Kila jiwe lilikuwa na neno la kumwambia. Viatu vyake vya Dubai vilibaki kwenye dimbwi la kwanza, akaenda pekupeku. Viganja vilivyochanika vilishika mti na damu ikafanya utelezi, Rosine akavifunga kwa kipande cha kitenge huku wakitembea. Wabebaji waliimba kwa sauti ya chini ili hatua zilingane. Kiti hakikutikisika.

Wamaza walipokea watu wengine wanne. Kijiji cha mbele, wengine wanne. Kila mahali walipiga kelele kutoka mbali na wanaume walitoka wakivaa mashati, mabega tayari. Walibadilishana giza lote hadi kukapambazuka, na kila mara mtu alitaka kumpokea Cirhuza, naye alikataa. Bega la kulia lilipochubuka alihamia la kushoto. Asubuhi hakuwa na bega la kuhamia. Mathilde, ambaye angeweza kurudi kwake Wamaza, alikuwa bado anatembea pembeni na kibuyu cha maji.

"Kunywa," alisema.

"Mupe Aganze."

"Aganze amekunywa. Kunywa wewe, ukianguka utamuangusha."

Akanywa.

Waliingia Kasongo saa sita mchana. Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Aliufungua mguu, akaita chumba cha upasuaji, na akatoka baada ya muda uliokuwa mrefu kuliko njia nzima.

"Anaishi," alisema. "Mguu nimeukata chini ya goti."

"Kama tungekuja mbele ya leo?" Cirhuza aliuliza.

"Mngekuja jana jioni?" Daktari alivua glavu. "Jana jioni pengine ningeujaribu."

Jana jioni ni saa ambayo kipoyi cha Salamabila kingefika. Cirhuza alipiga hesabu hiyo akiwa amesimama, kisha akakaa sakafuni, akalia kwa sauti mbele ya watu. Mathilde alikaa karibu naye. Hakumbembeleza, hakuondoka.

Jeep ilibaki Katembwe. Mvua za Januari ziliijaza mchanga mpaka kwenye usukani. Salamabila walibishana kwa miezi iwapo gari la namna ile linastahili bei yake. Vijana walisema ni barabara yenye kosa, wazee walisema ni mwenye gari, na kila upande ulikuwa na ushahidi wake. Cirhuza hakusema lolote. Alinunua miti. Shimo lote likashikiliwa, ukuta kwa ukuta, na ilimgharimu gramu chache sana hata akaona vibaya kuzitaja. Aganze sasa hupima dhahabu mezani, gongo lake la kutembelea limeegemea ukuta. Wanaongea vizuri. Lakini mvua kubwa ikinyesha Aganze hunyamaza, na kaka yake hutoka nje.

Mwezi wa Aprili Cirhuza alikuwa nyuma ya pikipiki ya Glody, wakielekea Kasongo, walipokutana na kipoyi. Alishuka kabla pikipiki haijasimama. Juu yake alilala bibi mmoja mdogo wa umbo, amejikunja kwa homa, na chini yake ngozi nyeupe imekuwa ya kahawia, imeshonwa mahali ilipopasuka.

Alipokea bega. Kijana aliyeshika mti wa upande wa pili hakumjua.

"Papa, unaona hii kiti?" alisema kijana, akihema. "Ilitoka mu jeep ya tajiri moja. Wanasema alilipa kilo nzima ya zahabu. Kilo nzima! Sasa mutu anapata nini ndani ya gari ya kilo nzima?"

Cirhuza alimtazama bibi. Alikuwa amelala, mdomo wazi, kichwa kimetulia pale kilipotulia kichwa cha Aganze.

"Hii," alisema. "Kaza mukono, kijana. Huko mbele iko matope."